Miezi saba haikupelekwa

Nilifundisha hesabu shule binafsi hapa Moshi miaka sita kabla sijapata ajira ya serikali. Darasa lilikuwa na watoto 28, kila mmoja namjua mpaka mwandiko wake. Hilo nalikumbuka sana. Lakini mkataba ni wa mwaka mmoja mmoja, kila Desemba roho juu. Mshahara ukichelewa unaambiwa wazazi hawajalipa ada. Siku nilipoenda NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, kuangalia michango yangu, nikakuta miezi saba haijapelekwa, na makato kwenye hati ya mshahara yapo! Nililia kwenye daladala mpaka Kiborloni.

Sasa nina watoto 94 darasa moja. Madaftari nasahihisha mpaka saa tano usiku, chaki tunagawana vipande. Ila mshahara unaingia kabla mwezi haujaisha, na nilipojifungua nilikaa nyumbani siku zangu 84 bila hofu ya kukuta mtu mwingine kwenye meza yangu. (Sheria inawapa hata wa binafsi siku hizo, wengi hawathubutu kuzidai.)

Walimu wenzangu wa binafsi, nawaomba, kaangalieni michango yenu wiki hii. Msingoje mkataba uishe.