Basi la saa tatu usiku

Mama yangu anakaa Ujiji, mkoani Kigoma, na kila mwezi ana kliniki ya presha hospitali ya Maweni. Kwenda hakumsumbui. Asubuhi haisi zimejaa barabarani na makonda wanagombania abiria. Kazi ni kurudi. Mwezi uliopita alichelewa kutoka, giza likamkuta Mwanga, hapo mjini Kigoma, akapanda gari la Ujiji. Njiani wakabaki abiria watano tu, dereva akakatisha ruti. Mama akashushwa na fimbo yake, akaanza kutafuta bajaji. Alinipigia akiwa ameshafika: "Mwanangu, nipo nyumbani, usihangaike." Nilikuwa naingia zamu ya usiku, na nilihangaika mpaka asubuhi.

Mimi niko Bolton, Uingereza, jirani na Manchester, natunza wazee. Nilipofika huku mwaka 2019 nilidhani Mzungu hakatishi ruti. Kumbe naye alikuwa na namna yake. Sheria ya mwaka 1985 iliwaachia wenye makampuni ya mabasi huru kuanzia Oktoba 26, 1986, katika England, Wales na Scotland, isipokuwa London. Kampuni ilichagua ruti, ikapanga saa na nauli, na isipoona faida iliondoka. Tiketi ya kampuni moja hukupanda nayo basi la nyingine, na ile ya kupandia yote ilikuwa ghali zaidi. Zamu yangu ikiisha usiku wa manane, nilitembea kwa miguu kwenye baridi, dakika hamsini.

Halmashauri ziliruhusiwa kulipia safari ambazo makampuni yamezikataa. Hapa ndipo moyo wangu uliposimama nilipoelewa hesabu yake. Basi la asubuhi lililojaa, faida yake ni ya kampuni. Basi la usiku lenye watu wanne, hasara yake ni ya wananchi. Mifuko miwili, na ule wa umma ndio uliotoboka.

Sheria ya mwaka 2017 ikawapa mameya wa miji kama Manchester njia ya kurudisha usukani. Wako waliotaka ubia: mji na makampuni wakae mezani, mji ujenge vituo na njia za mabasi, kampuni ilete magari mazuri na kuahidi saa za kupita, lakini nauli ibaki mfukoni mwa kampuni. Ubia una heri yake, maana ni wa haraka na hauhitaji mji kubeba hasara. Meya Andy Burnham akachagua udhibiti kamili. Makampuni mawili yakaenda mahakamani kumpinga, yakashindwa. Mabasi ya kwanza ya manjano yalitoka Septemba 24, 2023, yakianzia huku kwetu Bolton na Wigan, na kufikia Januari 5, 2025 mkoa mzima wa Manchester ulikuwa umeingia.

Dereva bado ni wa kampuni. Ila mji ndio unaopanga ruti, saa na nauli, na nauli yote inaingia kwa mji. Kampuni inaomba zabuni na inalipwa kwa kutembeza basi kama mkataba unavyosema, liwe limejaa au liko tupu. Mji ulichukua na yadi za mabasi pia, ili kampuni ikishindwa zabuni isiondoke na yadi. Kwa hiyo basi la asubuhi sasa linasaidia kulipia lile la usiku. Septemba 2024 ruti ya 36, Bolton hadi Manchester, ikaanza kutembea usiku kucha kwa majaribio. Naipanda. Nimeshaacha kutembea zile dakika hamsini.

Nilimweleza haya kaka yangu, mtoto wa mjomba, mwenye haisi ya Mwanga–Ujiji. Alinisikiliza vizuri, akasema: "Dada, dereva wangu ananiletea hesabu kila jioni, na mimi nina mkopo. Akizunguka na watu watano anamaliza mafuta. Unadhani anapenda kumshusha shangazi?" Ana haki. LATRA, mamlaka ya usafiri wa nchi kavu Tanzania, inatoa leseni ya ruti na inaweka ukomo wa nauli, lakini hakuna anayemlipa kwa kurudi na siti tupu. Ukimpiga faini konda anayekatisha ruti bila kugusa ile hesabu ya jioni, kesho atakatisha kwingine. Hata mwanafunzi anaachwa kituoni kwa sababu hiyohiyo, nauli yake ndogo inakula siti.

Manispaa ya Kigoma-Ujiji haina fedha za Manchester, najua. Manchester yenyewe inatia fedha za kodi kwenye mabasi. Nisingewaambia wachukue haisi zote kesho. Ningeanza na ubia na wenye magari, lakini wenye meno: atakayepewa asubuhi ya Mwanga, penye abiria wengi, apewe pamoja na usiku wa Ujiji, kwenye mkataba mmoja. Anayetaka kunona asubuhi abebe na mifupa ya usiku. Na pale nauli zisipofika, manispaa imjazie kwa kila kilomita anayotembea.

Kaka akauliza swali moja: manispaa ikichelewesha malipo miezi mitatu, benki itamsubiri? Nikamwambia mkataba uandike siku ya kulipa. Akanyamaza, nikasikia anapiga hesabu ya mafuta kwa sauti ya chini. Yuko tayari kuanza na safari moja, ya saa tatu usiku, Mwanga hadi Ujiji mwisho, akilipwa kila Ijumaa.