Basi letu halina anwani

Wapendwa wanaouliza habari za maisha ya ndani ya basi huanza na choo. Nijibu mapema: kipo, tunakimwaga kwa zamu, na zamu hiyo haikwepeki kwa kisingizio cha maombi. Tuje kwenye mambo mazito.

Tuko wanne, wote waumini, tunaishi na kusafiri katika basi lililokuwa la shule hapa Marekani. Mabasi haya yakizeeka huuzwa mnadani, na mengi bado yana injini ya dizeli yenye nguvu. Tuling'oa viti, tukaweka vitanda, jiko la gesi, tangi la maji, betri, na paneli za sola juu ya paa. Ile rangi ya manjano, ambayo tangu 1939 ndiyo utambulisho wa mabasi ya shule nchini humu, tuliifunika, maana majimbo mengi hayataki gari la binafsi lipite barabarani likidhaniwa limebeba watoto. Taa za kumwekamweka na kile kibao cha kusimamisha magari navyo vikaondolewa. Kazi ya fundi ikaishia hapo.

Kazi ya karatasi ndiyo haiishi, kwangu mimi hasa. Wenzangu watatu ni raia. Walijiandikisha South Dakota, jimbo lisilotoza kodi ya mapato na lililozoea watu wa kuhamahama. Barua zao hupokelewa huko, nao hawana habari tena. Mimi ni mkaazi wa kudumu, yaani nina kibali cha kuishi hapa (green card) lakini si raia. Asiye raia akihama, sheria inamtaka aiarifu idara ya uhamiaji anwani yake mpya ndani ya siku 10. Haya, aliyelala Arizona jana na Utah leo, amehama au hajahama? Na siku ya kuomba uraia ikifika, lazima uwe umekaa angalau miezi 3 katika jimbo au wilaya ya uhamiaji unakoombea. Lakini kwenye ardhi ya serikali huko magharibi, tunakoegesha bure, kwa kawaida mwisho ni siku 14 katika kila siku 28. Ardhi inakufukuza, uhamiaji unakutaka utulie.

Nilidhani tatizo la anwani ni langu peke yangu, mgeni wa watu, hadi wawili kati yetu walipokosana. Chanzo kilikuwa maji. Lita moja ni kilo moja, tangi halijazwi ovyo, na kuna mtu anayeoga kama yuko mtoni. Simtaji. Wakanuniana, na ndani ya basi hakuna chumba cha kununia.

Tumezoea kujifariji kwa Mathayo 18:20, kwamba walipo wawili au watatu kwa jina lake, naye yupo. Rudi nyuma mistari michache uone inazungumzia nini: ndugu akikukosea, mwendee peke yako, asiposikia, chukua mmoja au wawili, asiposikia hao, liambie kanisa. Tulifika hatua ya pili, tukakwama. Kanisa lipi? Kila Jumapili tuko kwenye kusanyiko jipya, tunakaribishwa vizuri, tunasimama wageni watambulishwe, tunapigiwa makofi, tunaondoka. Hakuna mchungaji anayetujua kiasi cha kutukemea. Kwa maoni yangu hiyo ndiyo hatari kubwa ya maisha haya, kuliko breki na madaraja ya chini yanayotishia paa.

Kwa hiyo tuliomba ushirika katika kanisa moja dogo linalotufahamu. Wazee wake hutupigia simu na kuuliza maswali yasiyopendeza, yakiwemo ya fedha. Mfuko wetu wa pamoja ni wa dizeli, gesi na matengenezo. Kinachobaki ni cha mwenyewe. Mmoja wetu alitaka tuunganishe kila kitu kama waumini wa kwanza wa Matendo 2:44, waliokuwa na vitu vyote shirika. Mimi nilikataa. Hata Anania, aliyeuza shamba akaficha sehemu ya fedha, Petro alimwambia mali ilikuwa yake. Kosa lilikuwa uongo.

Familia moja ya kanisa hilo imenipa chumba. Leseni yangu, kodi yangu na barua za uhamiaji zote ziko pale, na majira ya baridi basi huegeshwa uani kwao nami nalala ndani ya nyumba, kihalali kabisa.

Kitanda kimoja kitakuwa wazi mwenzetu mmoja akioa. Anayekitaka, kama si raia, kwanza anieleze barua zake zitakuwa zinafikia kwa nani.