Kalamu Iliyofungwa kwa Uzi

Kaunta ya dalali wa hisa ilikuwa na kalamu moja tu, imefungwa kwa uzi kwenye msumari ili mteja asiondoke nayo. Ilikuwa Machi 2009, Mombasa. Nilikuwa nimejaza fomu ya kuuza yote isipokuwa mahali pa bei. Karani akaniuliza, "Utaweka bei yako, kaka, ama tuuze kwa bei ya soko?"

Nikamwambia ya soko. Hisa moja ya Safaricom, kampuni ya simu, siku zile ilikuwa kama shilingi 3.

Mwaka mmoja nyuma, Aprili 2008, nilipanga foleni ya kuzinunua. Serikali ya Kenya ilikuwa inauza robo ya kampuni ile, hisa bilioni 10, kila moja shilingi 5. Nchi ndiyo kwanza inatoka kwenye ghasia za uchaguzi, lakini M-Pesa, huduma yao ya kutumiana pesa kwa simu, tulikuwa nayo mikononi tangu mwaka uliotangulia, na hakuna aliyehitaji kuelezwa kampuni inafanya nini. Shangazi yangu, muuza maji ya ukwaju huko Majengo, alisimama mbele yangu. Fomu zetu ziligongwa muhuri zikifuatana. Walioomba walikuwa wengi kupita kiasi, na sisi wadogo tukagawiwa takriban moja ya tano ya tulichoomba, pesa nyingine zikarudishwa.

Juni 9 hisa zikaanza kuuzwa Soko la Hisa la Nairobi, na bei ikapanda hadi juu ya 7. Shangazi akauza wiki ileile. Mimi nikachukua pesa niliyorudishiwa nikanunua nyingine kwa bei hiyo ya juu. Nilimhurumia, nikaona mama wa watu amekimbia mapema.

Halafu bei ikaanza kushuka. Kabla mwaka haujaisha ilikuwa chini ya zile 5 za mwanzo. Dunia nzima ilikuwa kwenye msukosuko wa fedha, na mwanzoni mwa 2009 kielezo cha hisa 20 cha Nairobi, yaani kipimo cha bei za hisa za kampuni 20 za soko lile, kilikuwa kimepoteza kama nusu ya thamani yake ya katikati ya 2008. Kila jioni nilifungua ukurasa wa bei gazetini kabla ya kusoma habari yoyote. Sikuwa na karo ya kulipa wala mgonjwa hospitali. Nilichoka kuogopa, basi. Asubuhi ile, mzee mmoja kwenye benchi la dalali alisema itafika shilingi moja, nami nikainuka kwenda kuchukua fomu.

Nimeifikiria sana siku ile. Kununua kwa zaidi ya 7 lilikuwa kosa, sikatai. Ila 2021 hisa hiyohiyo ilivuka shilingi 40. Aliyenunua kwa 7 akatulia aliona pesa yake ikizaa mara tano na zaidi. Na aliyeipata kwa 5, bei nzuri kabisa, akauza nami Machi ile, alitoka na hasara. Ya 2021 nisingeweza kuyajua, wala simlaumu mtu kwa kutojua. Kinachoniuma ni kwamba kabla ya kuingia nilihangaika wiki tatu: nilisoma waraka wa mauzo, niliuliza watu wa benki, nilipiga hesabu hadi usiku. Kutoka sikukuwazia hata jioni moja, mpaka nilipokuwa tayari nimeishika ile kalamu.

Jioni nilipita kwa shangazi. "Shikamoo shangazi." "Marahaba, mwanangu. Mbona uso umesawijika?" Nikamweleza. Hakucheka. Aliingia ndani akarudi na daftari lake la madeni, lile la jalada la buluu lililojaa madoa ya ukwaju, akanifunulia ukurasa wa Aprili 2008. Chini ya majina ya wadaiwa alikuwa ameandika: *Hisa. Ikifika 7 nauza. Friza.*

Friza lenyewe lilikuwa pembeni ya mlango linanguruma, la mtumba, kifuniko chake kimeshikiliwa kwa mpira wa baiskeli. Akalifungua, akanitolea mfuko wa ukwaju ulioganda, akaupasua ncha kwa meno.

"Wewe ulikuwa umeandika ngapi?" akaniuliza.

Niliupokea ule mfuko kwa mikono miwili, nikakaa kizingitini.