Mkate wa Frederick Douglass na chapati za pale gereji

Kuna kitu nilikisoma usiku mmoja kwenye simu nikashinda nacho kichwani karibu wiki nzima, nikaona bora nikiandike. Ni habari za Frederick Douglass, yule Mmarekani mweusi aliyezaliwa mtumwa kule Maryland mwaka 1818 hivi (tarehe yenyewe hakuwahi kuijua, watumwa walikuwa hawaambiwi siku waliyozaliwa) na baadae akaja kuwa moja ya sauti kubwa kabisa zilizopiga vita utumwa Marekani. Jina lake nilikuwa nalijua juu juu tu. Nilichokuwa sikijui ni habari ya mkate.

Iko hivi. Akiwa na miaka kama nane alipelekwa Baltimore kwenye nyumba ya bwana mmoja anaitwa Hugh Auld, na mke wa huyo bwana, Sophia, alikuwa hajawahi kukaa na mtumwa chini yake, kwa hiyo akamchukulia kama mtoto tu, akaanza kumfundisha herufi na vineno vifupi vifupi. Mume alipogundua akaja juu, akamwambia mkewe aache mara moja, mtumwa akishajua kusoma hafai tena kuwa mtumwa. Na mtoto mwenyewe alikuwa palepale anasikia kila kitu! Yaani bwana ndo alimfunulia siri kwa mdomo wake, kwamba kumbe hii nguvu waliyonayo juu yetu inalindwa na kitu kimoja, sisi tusijue kusoma.

Basi mama akageuka akawa mkali kuliko hata mume, akimuona na gazeti anamnyang'anya. Mtoto akafanyaje? Akawa akitumwa mtaani anabeba kitabu chake na mkate, maana kwenye ile nyumba mkate ulikuwa haukosekani, akikutana na watoto wa kizungu wa pale mtaani, watoto wa watu maskini wanaoshinda na njaa, anawapa mkate na wao wanamfundisha.

Nilipofika hapo nikaweka simu chini.

Mimi niliachia shule kidato cha pili, ada ilishindikana, nikaenda kuwa saidia fundi kwenye gereji moja hapa Tanga. Kazi ya kubadilisha breki na plagi unajifunza kwa macho, lakini mimi nilitaka umeme wa magari, na umeme wa magari una michoro ya waya, na michoro imeandikwa Kiingereza, na Kiingereza changu kilikuwa cha kusalimia tu. Sasa kulikuwa na dogo mmoja yuko kidato cha nne, kila siku akitoka shule anapita pale gereji, ana dikshenari iliyochanika gamba. Nikawa namnunulia chapati mbili na maharage kwa mama ntilie wa jirani, yeye anakaa juu ya tairi ananisomea yale maneno kwenye mchoro moja baada ya jingine, hili maana yake hivi, hili ni ardhi, hili ni kurudi. Tulienda hivyo zaidi ya mwaka. Hatukuwahi kuita masomo, ilikuwa ni chapati tu na stori.

Na kwa miaka yote hii bosi wangu akinitambulisha kwa wateja anasema huyu kijana kajifunza mwenyewe, hakufundishwa na mtu. Mimi nanyamaza natabasamu. Kiukweli hilo ndo limenisumbua wiki nzima.

Turudi kwa Douglass, maana kuandika alijifunza kwa njia ambayo mtu wa pwani ataielewa haraka. Karibu na walipokuwa wanakaa kulikuwa na sehemu ya kuunda meli, na maseremala wakishachonga mbao wanaiandika herufi ya upande inapokwenda kwenye chombo, kushoto herufi yake, kulia yake, tezi yake na omo yake. Akakariri zile herufi nne. Alafu akikutana na mtoto yeyote anayejua kuandika anamwambia na mimi najua kuandika kama wewe, yule anasema hebu tuone, anaandika zake nne, anamwambia haya nishinde, na yule mtoto kwa kutaka kumshinda anaandika herufi nyingine, na jamaa anazidaka. Daftari lake lilikuwa ukuta na sakafu ya mawe ya barabarani, kalamu yake kipande cha chaki. Baadae akawa anachukua madaftari ya zamani ya mtoto wa bwana wake, anaandika kwenye nafasi zilizobaki wazi, anafuatisha mwandiko uleule.

Sasa hapa kuna jambo ambalo watu wa kuhamasisha huwa wanaliruka. Alipofika miaka kama 12 alinunua kitabu cha hotuba kwa senti 50, akakisoma sana, ndani yake mna majibizano ya bwana na mtumwa, mtumwa anajenga hoja mpaka bwana anamwachia huru. Na anasema wazi kwamba kusoma kulimuumiza. Alifika mahali akawaonea wivu watumwa wenzake ambao hawajui kitu, maana yeye ameshaiona hali yake yote ilivyo na njia ya kutokea hakuna. Nalielewa hili kwa kiasi changu kidogo, kuna kipindi nilikuwa najua gari ina shida gani kabisa lakini siruhusiwi kuigusa kwa sababu sina cheti, unabaki unamwangalia mwenye cheti anabadilisha kifaa kizima. Kujua na huku umefungwa mikono inauma.

Nadhani kilichomtoa kwenye yale maumivu ni kwamba hakukaa na kile alichojua. Mwaka 1835, kijana wa miaka 17, yuko shambani kakodishwa kwa bwana mwingine, akaanzisha darasa la Jumapili la siri nyumbani kwa mtu mweusi aliyekuwa huru, na likafika wanafunzi zaidi ya 40, watu wazima humohumo, wote wanajua wakikamatwa ni viboko. Darasa la kwanza alilojaribu kabla ya hapo lilivamiwa na watu wenye marungu wakalitawanya, na bado akaanza tena. Kwangu mimi mabadiliko yalianzia pale, kabla hajajulikana na mtu yeyote.

Yaliyofuata yanajulikana. Septemba 3, 1838 alitoroka kwa treni amevaa nguo za baharia na ana karatasi ya kuazima ya kuonyesha kwamba ni mtu huru, na pesa ya safari ilitokana na Anna Murray, mwanamke mweusi aliyezaliwa huru, aliyekuwa anafanya kazi za ndani na ndo alikuja kumuoa. Huyu mama mwenyewe hakuwahi kusoma vizuri. 1845 Douglass akaandika kitabu cha maisha yake, ikabidi akimbilie Ireland na Uingereza asikamatwe, marafiki wa kule wakachanga wakamnunulia uhuru kwa pauni 150, akarudi, na Desemba 1847 akaanzisha gazeti lake mji wa Rochester, jimbo la New York. Nawaza mwaka huohuo hapa kwetu soko la watumwa Unguja lilikuwa linafanya kazi kama kawaida, halikufungwa mpaka 1873.

Na huyuhuyu alikuwa na hotuba aliyoirudia miji na miji kwa zaidi ya miaka 30, inahusu watu waliojiinua wenyewe. Humo ndani anasema kabisa kwamba ukisema kwa usahihi mtu wa namna hiyo hayupo duniani, kila mmoja kapokea kwa waliomtangulia au walio pembeni yake. Mtu ambaye angekuwa na haki kuliko wote ya kusema nilijitengeneza mwenyewe ndo anakataa. Wale watoto wa mkate kwenye kitabu chake hakuwataja majina, alisema anatamani kuwataja lakini angewatia matatani, maana kumfundisha mtumwa kusoma kulihesabika kama kosa lisilosameheka. Aliwakumbuka mpaka uzee.

Yule dogo wangu siku hizi ni baba wa watoto wawili, yuko Morogoro. Jumamosi nilitafuta namba yake kwa watu nikampigia. Nikamwambia bosi anavyonitambulisha na mimi ninavyonyamaza, nikamwambia Jumatatu nitamwambia bosi ukweli. Akakaa kimya kidogo, alafu akaniambia kaka, siku nyingine mimi ile chapati ndo ilikuwa chakula changu cha siku.

Nilikuwa sijui.