Kutembeza mbwa Dar: chagua saa kwanza, njia baadaye

Dar es Salaam haina viwanja vya umma vinavyojulikana kuwa ni vya mbwa, kwa hiyo swali la "nimtembeze wapi?" halijibiki kwa jina moja. Mtaa wa Mikocheni ulio shwari saa moja kasorobo asubuhi unaweza kuwa hatari saa kumi na moja alfajiri. Ufukwe wa Mbezi uliokuwa mpana asubuhi, jioni unaweza kuukuta umemezwa na maji. Anza na saa, njia itafuata.

Alfajiri mapema panavutia: magari machache, lami imepoa. Ila nyumba nyingi za ukuta hufungulia mbwa wa ulinzi usiku na kuwarudisha bandani kukishapambazuka. Mlinzi akifungua geti ili gari litoke, mbwa wawili watatu huchomoka, na wa kwanza kuwakuta ni wewe na mbwa wako aliyefungwa kamba. Mbwa aliyefungwa hawezi kukimbia wala kujieleza kwa mwili wake, ndiyo maana mapambano ya namna hii huwa makali.

Kingine ni msikiti. Kati ya saa kumi na moja na saa kumi na mbili watu wanakwenda na kurudi Swala ya Alfajiri. Waislamu wengi wa pwani yetu ni wa madhehebu ya Shafi, na kwao mate ya mbwa ni najisi: kikiguswa chombo au nguo huoshwa mara saba, mojawapo kwa udongo. Mtu mwenye udhu na kanzu safi hana sababu ya kubahatisha na pua mbichi ya mbwa wako, hata kama wewe unajua hang'ati. Njia nzuri basi haipiti mlangoni pa msikiti wakati huo, wala jioni karibu na magharibi. Mkikutana njiani, vuka upande wa pili mapema, fupisha kamba, mweke mbwa upande wa ukuta, salimia. Hilo peke yake hupunguza ugomvi mwingi mtaani kuliko kibao chochote cha "Mbwa Mkali".

Inabaki saa kumi na mbili na robo hadi saa moja na nusu asubuhi. Miezi ya kaskazi, Desemba hadi Machi, jua huchoma mapema, kwa hiyo rudi nyumbani kabla ya saa moja na nusu. Wakati wa kusi, Juni hadi Septemba, unaweza kusogea hadi saa mbili na zaidi bila shida. Jioni ni ngumu kidogo: lami inahifadhi joto, na saa kumi na moja bado inaunguza. Weka mgongo wa kiganja juu ya lami kwa sekunde saba. Usipoweza kuvumilia, nyayo zake nazo haziwezi. Mchanga mkavu wa ufukweni upimwe hivyo hivyo.

Ukishapata saa, kaikague njia bila mbwa. Nenda mara mbili, saa ileile utakayomtembeza, siku moja ya kazi na siku moja ya wikendi. Angalia mageti yanayoachwa wazi. Angalia majalala, mabucha, magenge na vibanda vya chipsi, kwa sababu hapo ndipo mbwa koko wanapolala na wanapolinda. Koko mmoja anayepita ana shughuli zake. Koko watatu waliolala kando ya jalala wana himaya, na hiyo njia iache, hata kama ni ya mkato. Tazama pia mitaro isiyofunikwa, vijiwe vya bodaboda, na kama kuna mahali pa kukwepea pembeni. Mtaa wenye kuta ndefu pande zote mbili na barabara nyembamba ni mtego. Bajaji ikija mbele na koko wakija nyuma, huna pa kwenda. Mtaa mzuri una angalau upande mmoja wenye nafasi ya hatua tano sita, na una kona unayoweza kugeuzia.

Wakikufuata koko, usikimbie wala usipige kelele. Simama, mweke mbwa nyuma yako, kisha iname kama unayeokota jiwe. Koko wa Dar anaijua ishara hiyo tangu utoto na mara nyingi atarudi nyuma hata kama hukuokota kitu. Ondoka polepole huku umewakabili. Mbwa mdogo usimwinue mabegani, maana wenzake wataruka kumfuata na utaumwa wewe. Ukiumwa, au hata ukikwaruzwa na jino, osha jeraha kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15, halafu nenda hospitali siku hiyohiyo upate chanjo ya kichaa cha mbwa. Usingoje kuona kama mbwa aliyekuuma atakufa. Dalili za ugonjwa huo zikishaonekana kwa binadamu, karibu hakuna anayepona.

Mbwa wako naye awe na chanjo hiyo kuanzia umri wa miezi mitatu, na irudiwe kwa tarehe iliyo kwenye kadi. Kama ni mtoto, subiri pia amalize chanjo za parvo, ugonjwa wa virusi unaoua watoto wa mbwa: ya mwisho hutolewa akiwa na wiki 16 au zaidi, kisha ongeza wiki mbili. Kirusi cha parvo hukaa kwenye udongo kwa miezi mingi, kwa hiyo mtaa wenye koko wengi ni hatari kwake hata siku ambayo hakuna koko hata mmoja anayeonekana. Kabla ya hapo mbebe mikononi, aone magari na asikie honi, bila kukanyaga chini.

Vifaa: kamba ya mita moja na nusu hadi mbili inatosha. Mnyororo unaouzwa madukani ni mzito, unakata kiganja mbwa akivuta, na mlio wake unawatisha wapita njia kabla hawajamwona mnyama. Kamba zinazojivuta na kurefuka zenyewe ni balaa kwenye mitaa ya bodaboda, kwani mbwa yuko mita tano mbele na breki iko kwenye kidole chako. Mkanda wa kifuani ni bora kuliko wa shingoni kwa mbwa anayevuta. Ukitumia wa shingoni, vidole viwili vipenye, visizidi, la sivyo atarudi nyuma kinyumenyume na kuutoa kichwani.

Sasa ufukwe, ambao wengi wanaufikiria kwanza na kuuelewa mwisho.

Bahari ya Dar ina utaratibu wake, na wavuvi wanausoma angani. Siku za mwezi mwandamo na mwezi mpevu, pamoja na siku mbili tatu baada yake, ni bamvua: maji hujaa sana na kupwa sana, tofauti yake ikizidi mita tatu. Kwa pwani hii, siku za bamvua maji hujaa kwenye saa kumi, usiku na alasiri, na hupwa kwenye saa nne, asubuhi na usiku. Maana yake kwa mwenye mbwa ni hii: asubuhi ya bamvua ni zawadi. Saa moja maji yako nusu njia yakirudi, mchanga ni mgumu, umelowa, umepoa, na kadiri unavyotembea ndivyo ufukwe unavyozidi kupanuka. Jioni ya siku hiyohiyo ni kinyume. Saa kumi na moja maji bado yako juu, umebaki ukanda mwembamba kati ya mawimbi na kuta za mahoteli, na watu wote, mipira yote na mbwa wote wamebanwa humo. Kila siku majira hayo husogea mbele kama dakika 50. Baada ya wiki moja hivi yanafika maji mafu, ambapo tofauti ni ndogo na maji hupwa alasiri, na hapo jioni ndiyo inakuwa nzuri. Basi angalia mwezi kabla ya kuwasha gari.

Coco Beach ina mawe ya matumbawe makali yanayopasua nyayo, hasa maji yakiwa yametoka na mbwa anataka kuruka huku na huko kwenye vidimbwi. Tembea juu, upande wa Toure Drive, na mchangani ushuke pale tu unapopajua. Jumamosi na Jumapili jioni usiende kabisa. Umati ni tatizo, lakini baya zaidi ni vijiti vya mishikaki. Mbwa anakimeza kijiti kwa sababu kina harufu ya nyama, kinatoboa utumbo, na dalili zinaweza kuja baada ya siku kadhaa ukiwa umeshasahau. Hata Jumatatu asubuhi vijiti bado viko mchangani, pamoja na mifupa ya kuku na kachumbari yenye vitunguu, ambavyo ni sumu kwa mbwa. Kwa mbwa mlafi, Coco Beach iwe siku za Alhamisi au Ijumaa asubuhi.

Mbezi Beach na Kunduchi zina mchanga mrefu zaidi. Kaa mbali na pale mitumbwi inapotua. Kuna ndoano, kuna nyuzi za nyavu, kuna koko wanaoishi kwa vichwa vya samaki, na kuna bunju. Wavuvi hutupa bunju kwa sababu wanajua sumu yake, na mbwa hajui. Samaki huyo, mbichi au mkavu, akiliwa husababisha kudondosha mate, kutapika, miguu kulegea, kisha kupumua kwa shida. Dawa ya kuitangua sumu hiyo haipo na maziwa hayasaidii. Mkimbize kwa daktari wa mifugo asaidiwe kupumua. Ndiyo maana neno "acha!" lifundishwe nyumbani kwa kipande cha mkate kabla ya kulihitaji ufukweni. Beba nusu lita ya maji matamu kwa mbwa wa wastani, mnyweshe kabla hajaanza kulamba ya chumvi, na mkirudi msuuze miguu na tumbo.

Daraja la Tanzanite lina mandhari, nalijua hilo, na picha zake zinapendeza. Ila ni kama kilomita moja ya zege juu ya bahari isiyo na kivuli. Ukiwa katikati jua likatoka, mbwa hana pa kujificha. Kama ni wa pua fupi, usimpeleke. Mbwa akianza kuhema kwa kelele, ulimi ukawa mwekundu sana na hatua zikayumba, hilo ni joto kali mwilini: mpeleke kivulini, mmwagie maji ya kawaida tumboni na mapajani, mpepee, halafu daktari. Usichelewe kwa kutafuta barafu.

Wanaotaka miti huwaza Mlimani, eneo la Chuo Kikuu. Vivuli vipo, vilima vya kumchosha mbwa vipo. Waulize walinzi kwanza kama mbwa anaruhusiwa na kwa njia ipi, na kamba isitoke mkononi hata mara moja, kwa sababu kuna tumbili na mbwa akimwona tumbili hasikii jina lake tena. Baki barabarani. Pembeni kwenye majani marefu kuna hatari ya bafe, nyoka mnene anayejilaza bila kukimbia, na mbwa humkanyaga au kumnusa. Baada ya masika upupu nao unakauka vichakani, na mbwa aliyepita humo atajikuna hadi atoke damu na wewe utaupata ukimfuta. Hifadhi za taifa, Saadani ikiwemo, hazipokei mbwa, kwa hiyo usimpakie kwenye gari ukitumaini utaelewana na mtu getini.

Masika yenyewe, Machi hadi Mei, hubadilisha ramani yote. Njia zilizo karibu na bonde la Msimbazi na mitaro yake ziache. Maji yaliyotuama hubeba mkojo wa panya na pamoja nao ugonjwa wa leptospira, unaomwambukiza mbwa na wewe. Chagua mitaa ya juu yenye lami, hata kama ni mifupi, na uizunguke mara mbili.

Kinyesi kiokotwe, hasa ufukweni. Mabuu ya safura wa mbwa hutoka kwenye kinyesi, hukaa kwenye mchanga wenye unyevu na kupenya ngozi ya anayetembea peku, ndipo mtoto anapata mistari myekundu inayowasha na kutambaa mguuni. Mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku 1 Juni 2019, kwa hiyo gazeti lililokunjwa mara mbili na mfuko wa khaki vinatosha. Mkifika nyumbani mkague kupe: ndani ya masikio, kati ya vidole, makwapani, chini ya mkia. Mng'oe kwa kibano ukimshika karibu kabisa na ngozi, vuta moja kwa moja bila kuzungusha. Usimpake mafuta ya taa, kwani yanaunguza ngozi na mbwa atayalamba. Homa, ufizi uliopauka au damu puani wiki chache baadaye, mpeleke akapimwe damu.