Flashi ya Kujazia Vivuli Katika Jua Kali la Mwanza

Maharusi wengi wanaokuja kupigwa picha kwenye miamba ya Capri Point, kando ya Ziwa Victoria, hufika mchana, kwa sababu ratiba ya siku yao hupangwa na kamati ya harusi na wala si mpiga picha. Ushauri wa kusubiri hadi jua lipungue ni mzuri, lakini mara nyingi hautufai sisi tunaofanya kazi hii hapa. Kifaa ninachokithamini kuliko vyote katika hali hiyo ni flashi iliyolainishwa, ambayo kazi yake ni kupunguza weusi wa vivuli vya usoni na kuliacha jua libaki kuwa jua.

Mwanza iko takriban nyuzi 2.5 kusini mwa ikweta. Saa zetu zinafuata longitudo ya 45 mashariki ilhali mji uko karibu na 33, kwa hiyo jua hufika juu kabisa karibu na saa saba kasorobo mchana. Katikati ya Machi na mwishoni mwa Septemba linakuwa utosini hasa. Saa hizo paji la uso hung'aa, macho huzama katika weusi, kivuli cha pua hulalia mdomo, na hata umgeuze mtu upande gani hali ni ileile. Tiba yake ni kuleta mwanga laini kutoka mbele, juu kidogo tu ya usawa wa macho. Kuanzia saa tisa kazi huwa rahisi zaidi, kwa kuwa mtu anaweza kuligeuzia jua mgongo, akafungua macho bila kuyakunja, na shela likapata ukingo wa mwanga huku ziwa likionekana nyuma yake.

Mimi huanza kwa kupima ziwa na anga kabla ya kuwasha flashi. Kwa ISO 100 (kiwango cha kamera kuhisi mwanga) na shata ya 1/200, yaani sehemu moja ya 200 ya sekunde, tundu la lenzi huangukia karibu na f/11, ambalo ni dogo, na anga hubaki na rangi yake ya buluu. Kamera nyingi haziruhusu flashi ya kawaida kupita kasi ya 1/200 au 1/250, kwa sababu juu ya hapo mapazia ya shata hayaachi sensa (sehemu ya kamera inayopokea picha) ikiwa wazi yote kwa wakati mmoja, na sehemu ya picha hutoka nyeusi. Zipo flashi zinazoweza kwenda na kasi kubwa zaidi, zikakuwezesha kufungua lenzi na kuififisha mandhari ya nyuma, lakini hupoteza nguvu nyingi kwa kufanya hivyo, na chini ya jua letu nguvu ndiyo inayohitajika. Baada ya anga kukaa sawa, ninaongeza flashi kidogo kidogo hadi uso uonekane, nikiuacha chini ya mwanga wa jua kwa stopu moja au moja na nusu (kushuka stopu moja ni kupunguza mwanga kwa nusu). Ukiipa flashi nguvu sawa na jua, mtu huonekana kama amekatwa na kubandikwa mbele ya ziwa.

Kulainisha mwanga ndiko ninakotaka kukusisitiza, hasa kwa sababu nyuso tunazopiga ni nyeusi na kahawia, tena zina jasho la mchana. Flashi ya wazi huacha doa dogo jeupe kwenye paji la uso na ncha ya pua, na doa hilo huonekana zaidi juu ya ngozi nyeusi kuliko juu ya ngozi nyeupe. Chanzo cha mwanga kikiwa kipana, mng'ao huo huo hutandaa shavuni taratibu, ukaonyesha umbo la uso na wekundu uliomo ndani ya rangi ya ngozi. Kikofia cha plastiki kinachovikwa flashi hakileti matokeo hayo nje ya nyumba: ndani husaidia kwa sababu mwanga hugonga kuta na dari, lakini ufukweni hakuna ukuta, hivyo hula nguvu na kuacha chanzo kikiwa kidogo vilevile. Afadhali mwamvuli mweupe wa kupitisha mwanga, au softiboksi (boksi la kitambaa linalotawanya mwanga wa flashi) ya sentimita 60, au hata kitambaa cheupe cha pamba kilichowambwa kwenye fremu nyepesi.

Kisha kisogeze chanzo hicho cha mwanga karibu na mtu kadiri picha inavyoruhusu. Ukipunguza umbali kutoka mita 3 hadi mita 1.5, unahitaji takriban robo tu ya nguvu uliyokuwa ukitumia, betri zinapumua, na kwa macho ya anayepigwa picha chanzo kinakuwa kipana maradufu, yaani laini zaidi. Reflekta, yaani ubao wa kurudisha mwanga, nayo hujaza vivuli, ila ikirudisha jua hilo machoni mwa bibi harusi huyatoa machozi, na wanja haurudi mahali pake.

Mchana upepo huvuma kutoka ziwani, na mwamvuli juu ya stendi hauna muda mrefu wa kusimama. Ninampa msaidizi aushike kwa mkono, mgongo wake ukikinga upepo, na ninamwambia tu, "Mdogo wangu, shusha kidogo, sogea kwa dada," hadi nione nukta ya mwanga katika macho yote mawili. Ikifika saa kumi na mbili jioni ninavika flashi karatasi angavu ya rangi ya chungwa, kwa kuwa mwanga wake unalingana na jua la mchana na jioni ungeufanya uso uwe wa kibuluu, kisha ninapunguza nguvu kila jua linaposhuka.