Kabla Hajaenda JKT: Kumzungusha Kijana Vyuoni

Mtihani wa kidato cha sita hufanyika Mei. Matokeo hutoka Julai, na dirisha la maombi ya vyuo vikuu hufunguliwa papo hapo. Katikati hapo kijana yuko kambini kwenye mafunzo ya JKT (Jeshi la Kujenga Taifa), Ruvu au Mafinga au Rwamkoma, na simu yake imelala kabatini nyumbani. Ndiyo maana kwenye familia nyingi chuo huchaguliwa na mjomba mwenye kompyuta, tena kwa kufuata majina aliyoyasikia enzi zake. Msimu wa kufungua chuo ukifika, kijana anashuka stendi na begi lake, na hiyo ndiyo mara ya kwanza kukiona chuo atakachoishi miaka mitatu, minne au mitano.

Zipo wiki chache kati ya karatasi ya mwisho na siku ya kuripoti kambini. Zitumie hizo. Vyuo vingi wakati huo viko muhula wa pili, kwa hiyo kumbi zimejaa, mabweni yamejaa na mgahawani kuna foleni. Nenda Jumanne au Jumatano. Ijumaa mchana wengi wameshatawanyika, na Jumamosi utaonyeshwa bustani.

Kazi ya kwanza lakini ni ya mezani. Pakua mwongozo wa udahili kwenye tovuti ya TCU (Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania), ule wa wahitimu wa kidato cha sita, kwa sababu wenye diploma wana wa kwao. Kama wa mwaka huu haujatoka, wa mwaka jana unatosha kwa kuanzia. Kwa kila kozi soma sifa za kujiunga, muda wa masomo na idadi ya nafasi.

Hapa ndipo wazazi wengi wanapoteleza, kwa kuchanganya sifa na nafasi. Kwa waliomaliza kuanzia 2016, A ni pointi 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2, E ni 1. Kima cha chini cha kuingia shahada ya kwanza ni pointi 4 kutoka masomo mawili, lakini kozi nyingine zinadai zaidi. Udaktari wa binadamu unataka fizikia, kemia na baiolojia, kila moja isipungue D, yaani pointi 6. Kijana mwenye D tatu za PCB ameruhusiwa kusimama kwenye foleni, basi. Mbele yake wapo wenye pointi 12 na 13, na nafasi zinahesabika. Swali la kuwauliza watu wa udahili si “sifa ni zipi?” maana hizo zimeandikwa. Uliza: “Mwaka jana, wa mwisho kuchaguliwa kozi hii alikuwa na pointi ngapi?”

Angalia pia kozi inafundishiwa wapi hasa. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina kampasi kuu ya Mlimani, lakini kina pia vyuo vishiriki vya elimu, DUCE pale Chang'ombe na MUCE Iringa, na chuo chake cha tiba kiko Mbeya. Mzumbe ina kampasi Morogoro, Mbeya na Dar. SUA, Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, ina kampasi Katavi. Kila mwaka kuna kijana anayeomba akidhani anakwenda mjini fulani, kumbe kozi iko mkoa mwingine kabisa.

Vyuo vinne vinatosha kutembelea: viwili anavyovitamani, kimoja kinacholingana na matokeo yake ya mock, na kimoja ambacho hata mambo yakienda kombo atapata. Cha nne hicho ndicho watu hukiruka, na ndicho kinachostahili kukaguliwa kuliko vyote, kwa sababu asipokipenda ni bora mjue sasa.

Safari yenyewe haihitaji utajiri. Mlimani na Chuo Kikuu Ardhi ni majirani, unavimaliza kwa siku moja kwa miguu. MUHAS, chuo kikuu cha afya cha Muhimbili, iko Upanga, na IFM (chuo cha usimamizi wa fedha) na DIT (taasisi ya teknolojia) ziko katikati ya jiji, hiyo ni siku ya pili. Treni ya SGR ilipoanza 2024 ilirahisisha mambo sana: unaweza kutoka Dar asubuhi ukashuka Morogoro chini ya saa mbili, ukaenda SUA, kesho yake Mzumbe iliyo nje ya mji kwenye barabara ya Iringa, kisha ukaendelea Dodoma hadi UDOM, Chuo Kikuu cha Dodoma. Tiketi kateni mapema na mbebe vitambulisho. UDOM msiende na viatu vipya. Ndaki zake zimetawanyika mlimani, na kutoka moja hadi nyingine mnaweza kuhitaji daladala au bodaboda. Kwa hiyo ulizia ndaki ya kozi yenu kwanza, muanzie hapo.

Getini mtaandika majina kwenye kitabu cha wageni. Semeni wazi kwamba mnataka ofisi ya udahili na kuona mazingira ya masomo. Mara nyingi mtaelekezwa bila shida. Ofisini msikae zaidi ya dakika 20. Baada ya hapo, mzazi mwenzangu, tafuta kimbweta chenye kivuli, nunua maji, mwache mtoto aende peke yake kwa wanafunzi wa mwaka wa pili. Mwaka wa kwanza bado wanashangaa, na wa mwaka wa mwisho wana haraka. Ukiwa pembeni watakwambia “shikamoo mama, hapa pazuri” na mazungumzo yataishia hapo. Usipokuwepo wataeleza ni somo lipi linawapa watu sapu (mtihani wa marudio), mwalimu gani haonekani darasani, wangapi wamedisko, yaani wameondolewa kwa kufeli, mwaka jana na kwa nini.

Mpe maswali machache ya kwenda nayo. Somo lenye watu wengi lina wanafunzi wangapi, na wanaokosa kiti wanakaa wapi? Vipindi vya mazoezi maabara ni kila wiki, au ni mara mbili kwa muhula? Hadubini moja wanatazama wangapi? Fildi, yaani mafunzo kwa vitendo, ni wiki ngapi, na nani anatafuta nafasi, chuo au mwanafunzi mwenyewe? Kwa kozi za afya, mgonjwa mmoja wodini anazungukwa na wanafunzi wangapi? Hili la mwisho lina uzito kuliko uzuri wa majengo, maana udaktari hufundishwa kitandani kwa mgonjwa.

Maktaba iingieni saa nane mchana. Tazameni kama kuna viti vitupu na soketi zenye umeme. Mabweni, kama mtaruhusiwa, yaangalieni jioni, kwa sababu asubuhi maji hutoka karibu kila mahali. Ulizeni kitanda kinahakikishwa kwa mwaka wa kwanza tu au hadi mwisho. Pale wanafunzi wanapozungumzia kubebana, wawili kitanda kimoja, mmeshapata jibu kuhusu uhaba bila kuliuliza.

Kwa kozi zenye bodi za taaluma kuna hatua moja zaidi. Mhandisi husajiliwa na ERB, mhasibu hupimwa na NBAA, na mwanasheria wa Bara anayetaka kuwa wakili lazima apite Shule ya Sheria. Uliza ofisini kama bodi husika inaitambua kozi hiyo, kisha hakikisha kwa bodi yenyewe. Jina zuri la kozi halimsaidii mtu anayegonga mlango wa usajili baada ya miaka minne.

Tuje kwenye pesa. Kulinganisha ada peke yake ni kosa. Chukua daftari, kila chuo ukurasa wake. Juu andika ada, kisha ada ya TCU ya ubora ambayo ni 20,000 kwa mwaka, bima ya afya ya mwanafunzi 50,400, mchango wa serikali ya wanafunzi na kitambulisho. Fuatisha malazi, chakula, nauli ya kwenda na kurudi nyumbani mara mbili, vifaa vya kozi na fildi. Chuo cha ada nafuu kilicho mbali, kisicho na vitanda, huweza kukishinda kwa gharama kile cha ada kubwa kilicho mtaa wa pili.

Mkopo wa HESLB, bodi ya mikopo ya wanafunzi wa elimu ya juu, usiuhesabu kana kwamba uko mkononi. Hutolewa kwa kuangalia uhitaji na kozi, na mwanafunzi anaweza kupangiwa sehemu tu ya ada. Kiwango cha chakula na malazi kilipandishwa 2022/23 kutoka 8,500 hadi 10,000 kwa siku. Kwa siku 60 ni 600,000. Sasa tuseme geto, yaani chumba cha kupanga, ni 80,000 kwa mwezi na mwenye nyumba anataka miezi sita mbele: 480,000 imeondoka, kimebaki 120,000 cha kula miezi miwili. Hesabu hiyo ifanyeni pamoja na kijana, aione yeye mwenyewe. Aelewe pia kwamba ni deni, na akiajiriwa hukatwa asilimia 15 ya mshahara.

Msioweza kusafiri, maonesho ya elimu ya juu ya TCU hufanyika Mnazi Mmoja, Dar, kwa kawaida Julai. Ni mazuri kwa kukusanya vipeperushi na kuuliza pointi, lakini hayaonyeshi bweni, na wakati huo kijana wako huenda yuko kwata. Tena msishawishike kulipia maombi kila banda. Ada ya 10,000 mara vyuo sita si kidogo.

Kabla hajapanda gari la kambini, malizeni karatasi. Cheti cha kuzaliwa kihakikiwe kwa wakala wa usajili wa vizazi, RITA, au ZCSRA kwa waliozaliwa Zanzibar. Majina ya cheti hicho yalinganisheni na ya cheti cha kidato cha nne herufi kwa herufi. “Mohamed” na “Mohammed” ni watu wawili machoni pa mfumo, na kurekebisha huchukua muda. Namba ya mtihani ya kidato cha nne itakayotumika kuomba chuo iwe hiyohiyo ya kuombea mkopo. Mwandike kwenye karatasi moja vyuo na kozi kwa mpangilio anaoutaka yeye, pamoja na nywila ya barua pepe.

Namba ya simu kwenye maombi iwe ya mzazi, iliyo hewani muda wote. Akichaguliwa zaidi ya chuo kimoja, lazima athibitishe kimoja kwa namba maalumu inayotumwa kwa ujumbe mfupi, na siku za kuthibitisha ni chache. Ujumbe ukienda kwenye ile simu iliyozimwa kabatini, nafasi inapotea, na awamu inayofuata mnagombea mabaki.